Mambo Upendayo

Mwaka 1971, siku ya kwanza nilipoingia chuo cha ualimu, tulikalishwa katika bwalo la chakula tukapewa kila mmoja karatasi ya kujaza. Ilitaka jina, dini, kijiji, wilaya, kazi ya baba, na chini kabisa, penye nafasi ya mstari mmoja tu, iliandikwa: Mambo upendayo. Nilitafuna kalamu kwa muda, nikamchungulia jirani yangu, kisha nikaandika kwa mwandiko wa kupendeza: "Kusoma vitabu, kusikiliza muziki na kusafiri."

Ndugu msomaji, katika maneno hayo sita hapakuwa na ukweli wa kujaza ukucha. Vitabu nilivyokuwa navyo vilikuwa viwili, kimoja cha sala na kimoja cha hesabu, na vyote nilivisoma kwa kulazimishwa. Redio haikuwapo nyumbani kwetu. Niliisikia nilipotumwa dukani, nikaondoka kabla wimbo haujaisha kwa kuogopa kuchapwa. Na safari ya maana niliyokuwa nimeifanya ni ile iliyonifikisha pale, juu ya magunia ya kahawa, nyuma ya lori, kutoka Karagwe hadi Bukoba. Jambo nililolipenda kweli sikuliandika. Nilipenda kukaa usiku kando ya moto, kule Kaisho, nikimsikiliza baba yangu mdogo akipiga enanga. Sikuliandika kwa kuwa sikudhani kwamba hilo nalo lilihesabiwa katika mambo ya kupendwa. Kwangu lilikuwa jambo la nyumbani tu, kama ndizi na maharage, na mtu haandiki kwenye fomu ya serikali kwamba anapenda ndizi na maharage.

Nimekuwa mwalimu kwa miaka mingi, na mwalimu mkuu kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo, na fomu kama ile nimezisoma mpaka macho yamechoka. Nimesoma pia safu za marafiki wa kalamu katika magazeti yetu, zile zilizotoa jina, umri, sanduku la posta na "apendayo". Sitaki kuzicheka. Zilikuwa na ushujaa wake. Kijana wa Nkwenda alimtolea mgeni wa Lindi anuani yake, bila kumjua, akitumaini kwamba siku moja lori la posta lingemletea bahasha. Wenzake walituma kadi za salamu Radio Tanzania Dar es Salaam, wakasubiri wiki kadhaa ili wasikie majina yao yakitajwa kwa sekunde chache. Hiyo ni kiu ya kweli ya kujulikana, na haifai kudharauliwa.

Lakini kama kazi ya uandishi, safu hizo zina kasoro moja kubwa, na ndiyo ninayotaka kuijadili hapa. Zinatumia maneno yasiyomwacha mtu nje. "Anapenda muziki." Muziki upi? Nani hapendi muziki? "Anapenda kusafiri." Kwenda wapi, na akifika anatazama nini? Mtu akikuambia kwamba anapenda Mbaraka Mwinshehe kuliko Marijani Rajab, hapo amekufungulia mlango. Unaweza kumkatalia, mkabishana mpaka chai ikapoa. Akikuambia anapenda muziki, amekufungia mlango kwa adabu. Tunaorodhesha ili tuonekane tunafanana na watu wastaarabu, na kwa kufanya hivyo tunaficha hasa kile ambacho kingetutambulisha.

Basi na nitoe mfano wa mtu aliyegawa mapenzi yake kwa namna nyingine. Simtoi mbali. Ni Omukama Rumanyika wa Karagwe, ambaye siku hizi vijana wakisikia jina lake hudhani ni wanyamapori, kwa sababu limepewa Hifadhi ya Taifa ya Rumanyika-Karagwe tangu mwaka 2019.

Mwishoni mwa mwaka 1861, Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika kwake wakitafuta chanzo cha mto Nile. Kwa ushahidi wao wenyewe, hawakupata mwenyeji mwungwana kuliko yeye katika njia yote ile. Mwezi wa Januari 1862 Speke alikwenda Buganda, na Grant akabaki Karagwe hadi Aprili kwa sababu mguu wake ulikuwa umeharibika na hakuweza kutembea. Kila mmoja baadaye aliandika kitabu, Speke mwaka 1863, Grant mwaka 1864. Nimevisoma vyote viwili, na mara nyingi nimewaambia walimu wenzangu kwamba mtu anayetaka kujua tofauti kati ya kutazama na kuona avisome vyote pamoja.

Speke alikuwa mtu wa kupima. Alipoonyeshwa mke wa mmoja wa ndugu wa Rumanyika, ambaye kwa desturi ya wakati ule alikuwa amenoneshwa kwa maziwa, alimpima mkono, kifua na paja, akaandika tarakimu. Ukurasa huo umenukuliwa ulimwenguni kote. Na ziwa zuri lililo chini ya ikulu alilipa jina la Windermere Ndogo, kwa kuwa Grant aliliona linafanana na ziwa la Uingereza lenye jina hilo. Ziwa lilikuwa na jina lake. Halikukosa kitu ila mtu wa kuliuliza.

Grant naye alipima. Lakini hakuweza kutembea, na mtu asiyeweza kutembea hulazimika kusikiliza. Alitaka kusikia enanga. Ndugu wa Rumanyika, ambaye jina lake Waingereza hao waliliandika kwa tahajia mbalimbali, akamtumia mpigaji bora aliyemjua. Grant anasimulia jinsi mtu yule alivyoingia bila kujitambulisha, akaegemeza mkuki wake, akaitoa enanga kwapani na kuanza kupiga. Anasema alisikia humo ukali na upole kwa pamoja. Watu wakajaa. Wimbo ulikuwa wa mbwa, mbwa mpendwa wa mtu fulani, na kwa siku kadhaa baada ya hapo ukawa midomoni mwa kila mtu pale kambini.

Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza nilikiweka kitabu chini nikatoka nje. Nilikuwa nimefika utu uzima, mwalimu mkuu, na ndiyo kwanza nakutana katika kitabu kilichochapwa na kitu nilichokijua tangu utotoni. Grant aliieleza ala yenyewe sawasawa: sinia ya mti mzito mweusi, inchi 22 kwa 9, nyingine 30 kwa 8, yenye misalaba mitatu iliyotobolewa chini, na uzi mmoja uliozungushwa mara saba au nane juu ya vizingiti vya miisho yake, pengine na kibuyu kimefungwa mgongoni ili sauti ivume. Ndiyo hiyo hiyo. Ya baba mdogo ilikuwa na nyuzi nane na kibuyu chenye ufa.

Nimpe Grant haki yake kama mhakiki. Kuusikia muziki wa watu wengine kwa mara ya kwanza, ukiwa mgonjwa, ukatambua kwamba una mambo mawili yanayopingana ndani yake na yote mawili ni ya kweli, hiyo si kazi ndogo. Ukali na upole: sijui kama ningeieleza enanga vizuri zaidi kwa maneno machache hivyo. Kisha akatuambia wimbo ulifanya nini kwa wasikilizaji, nalo ni jambo ambalo wahakiki wengi husahau. Lakini nina lawama moja kwake, na ni nzito. Alitupa vipimo vya ubao, akatupa mkuki, akatupa mbwa, wala hakutupa mstari hata mmoja wa wimbo. Wimbo ulioimbwa na kambi nzima kwa siku kadhaa umepotea, na sinia imebaki na inchi zake. Tunayo makazi ya ndege, ndege hatumo naye.

Kuhusu sanaa za mikono, habari ni hiyo hiyo. Henry Morton Stanley alifika kwa Rumanyika mwaka 1876, naye akaonyeshwa nyumba ya hazina: mikuki, na mifano ya ng'ombe na viumbe wengine iliyofuliwa kwa chuma na shaba. Stanley alihesabu. Aliandika ngapi za aina hii na ngapi za aina ile, kama karani wa ghala, akaziona kuwa kazi duni. Nimetazama picha za ng'ombe wa chuma wa Karagwe vitabuni, maana baadhi ya vitu hivyo viko Ulaya katika majumba ya makumbusho. Ni kweli kwamba mtu akitafuta ng'ombe wa kuchorwa kama wa picha ya kamera hatampata. Mwili ni mwembamba, hauna hata nyama ya kuuza buchani. Lakini pembe! Fundi ametumia chuma chake na akili yake yote kwenye pembe. Na mtu yeyote aliyechunga ng'ombe wa kwetu, asubuhi ukungu ukiwa bado bondeni, anajua sababu. Ng'ombe wanaporudi kutoka mtoni, kitu cha kwanza unachokiona juu ya ukungu ni pembe. Mwili unakuja baadaye. Fundi yule hakushindwa kutengeneza ng'ombe. Alitengeneza namna ng'ombe anavyotokea machoni pa mwenyewe.

Hilo ningependa Stanley aambiwe. Na labda aliambiwa, ila alikuwa anahesabu.

Namsifu Rumanyika kwa jambo hili. Hakumwambia mgeni, "Napenda sanaa." Alimchukua akampeleka nyumbani mwenye vitu vyenyewe. Hakumwambia, "Napenda muziki." Nyumba yake ilileta mpigaji. Alitoa kitu chenyewe na alitoa muda, akakubali hatari ya kudharauliwa, na kweli kwa kiasi fulani alidharauliwa. Nadhani hapo ndipo penye mzizi wa jambo. Kumshirikisha mtu unachokipenda ni kujiweka mahali anapoweza kukuumiza. Ndiyo maana tunapendelea orodha. Mtu akiidharau orodha haumii mtu.

Nihame kidogo nije karibu. Mwaka 2001 nilikuwa Dar es Salaam kwa semina ya elimu, na jiji lote lilikuwa likicheza Kihaya. Saida Karoli, binti wa Kagera, alikuwa ametoa "Maria Salome", wimbo ambao wengi waliuita "Chambua kama Karanga". Ulipigwa kwenye mabasi, saluni, harusini, kwenye vibanda vya chipsi. Sisi Wanyambo si Wahaya, lakini lugha zetu ni ndugu wa tumbo moja, na wimbo ule niliuelewa bila taabu. Mwenzangu mmoja wa semina, mwalimu kutoka Mtwara, alinishika mkono tukiwa tumekaa nje jioni akaniuliza, "Mwalimu, huyu dada anasema nini?"

Nikaanza kumtafsiria, mstari kwa mstari, kwa Kiswahili cha darasani. Nilipofika mstari wa tatu nikaona macho yake yamekwenda kwenye barabara. Nilikuwa nimemharibia. Kila nilichomtafsiria kilikuwa sahihi, na kila kilichokuwa sahihi kilikuwa kimekufa. Nikanyamaza. Kisha nikamwambia, "Achana na maneno kwanza. Sikiliza pale sauti inapopanda kabla ngoma haijawa tayari, halafu ngoma inakimbia kuifuata." Wimbo uliporudiwa aliinua kidole pale pale, akacheka. Baada ya hapo ndipo maneno yalipompendeza, kwa kuwa sasa alikuwa na mahali pa kuyaweka.

Siku hiyo nilijifunza kuhusu uhakiki zaidi ya niliyofundishwa chuoni. Chuoni tulifundishwa kuuliza dhamira, ujumbe, wahusika na mandhari, na tuliwafundisha watoto hivyo hivyo, mpaka shairi likawa kama kuku aliyechinjwa, kila kiungo kwenye sahani yake. Hayo yana kazi yake na siyapuuzi. Ila kazi ya kwanza ya anayependa kitu, akitaka mwingine akipende, ni kumwonyesha mahali pa kuinua kidole.

Kwa maoni yangu Saida Karoli alifaulu kwa sababu hakuomba radhi. Hakuimba Kiswahili chenye vionjo vya Kihaya ili Watanzania wamkubali. Aliimba kwao alivyoimbiwa, akaliachia taifa kazi ya kusogea. Kwa miaka mingi redio ya taifa ilikuwa inasema na sisi kwa Kiswahili, na ilikuwa na sababu njema za kufanya hivyo, kwani nchi yenye makabila zaidi ya 120 ilihitaji ukumbi mmoja. Mimi ni mtoto wa siasa hiyo na sijaitubia. Lakini ilitufanya wengi wetu tuamini kwamba vya nyumbani ni vya nyumbani na havina wasikilizaji ng'ambo ya mto Kagera. Wimbo mmoja ukatukosoa.

Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny waliutumia wimbo huo katika "Salome" yao. Wajukuu wangu waliuleta nyumbani kwenye simu, wakashangaa kwamba babu anaujua. Nimeusikiliza mara nyingi kwa haki. Ni kazi iliyotengenezwa kwa ustadi, na imeirudisha sauti ya dada yule masikioni mwa watoto ambao walikuwa hawajazaliwa alipoimba. Hayo ni mema mawili, tena makubwa. Pungufu lake, kwangu mimi, ni kwamba ule mwanya kati ya sauti na ngoma, ule aliouinulia kidole mwalimu wa Mtwara, umezibwa. Mashine haikimbii kuifuata sauti, imekwisha kufika. Niliwaambia wajukuu hivyo. Mmoja akasema, "Babu, wewe unapenda mambo yachelewe." Nimeufikiria mno usemi huo. Nadhani ni kweli, na ni uhakiki mzuri.

Maana enanga ni sanaa ya kuchelewa. Asiyeijua humwona mpigaji anapoteza muda. Anaketi, anakaza uzi, anaulegeza, anapiga kijisehemu kile kile mara kumi, mara ishirini. Anataja aliyemfundisha. Anajisifu kidogo, anawasifu waliokuja, anamtania mwenye nyumba kuhusu pombe yake. Kisha anarudi kwenye kijisehemu kile. Ndipo hadithi inaanza, nayo inaweza kwenda saa nzima au zaidi: habari za wafalme, za mashujaa, za mwanamke aliyekataa, za mvua. M. M. Mulokozi, mwanafasihi mzaliwa wa mkoa wetu, aliandika makala mwaka 1983 akiuliza kama wapigaji hawa wa enanga ni watambaji wa tendi kweli, na katika utafiti wake wa miaka mingi amethibitisha kwamba ndivyo walivyo. Amewapa heshima yao magwiji kama Habibu Selemani, na tendi kama Rukiza na Kachwenyanja zimeingia katika vitabu vya wasomi. Kwa hilo anastahili shukrani za kila nyumba ya Kagera. Nami niongeze jambo dogo la msikilizaji wa kawaida. Ule mwanzo mrefu si utangulizi. Ni mlango. Wakati kijisehemu kile kimepigwa mara ya ishirini, watu wamekwisha kuacha mashamba yao, madeni yao na magomvi yao nje, na masikio yote yanapumua pamoja. Hadithi ikianza kabla ya hapo inaanguka chini.

Nilijua haya yote. Naomba ulikumbuke hilo, msomaji, katika nitakayoyasema sasa.

Mwaka 1986 shule niliyokuwa naiongoza ilifanya Siku ya Wazazi. Tulikuwa na mgeni rasmi kutoka wilayani, kwaya, maonyesho ya ufundi, na ngonjera ndefu ya kumsifu kila mtu anayestahili kusifiwa. Kamati ya wazazi ikaomba baba yangu mdogo apige enanga. Alikuwa mzee tayari. Alitembea kutoka Kaisho tangu alfajiri, enanga ameifunga katika kipande cha blanketi. Mimi ndiye niliyepanga ratiba. Ngonjera niliipa dakika 20. Enanga niliipa dakika tano, kati ya kwaya na hotuba ya mgeni rasmi.

Kwa nini tano? Nimejiuliza kwa karibu miaka 40. Niliona haya, huo ndio ukweli wenyewe. Nilikuwa mwalimu mkuu mwenye suti ya kitambaa cha Urafiki, na mzee yule mwenye blanketi alikuwa baba yangu mdogo, na mgeni rasmi hakuwa mtu wa kwetu. Niliogopa atapiga miayo.

Mzee aliketi kwenye kiti cha darasani, akakaza uzi. Akapiga kijisehemu chake. Akakirudia. Akamtaja aliyemfundisha, akamtania mgeni rasmi kuhusu tumbo lake, watu wakacheka, na mgeni rasmi mwenyewe, baada ya kutafsiriwa, akacheka kuliko wote. Akarudi kwenye kijisehemu. Dakika tano zikaisha. Nikasimama nikapiga makofi, nikamshukuru kwa "burudani ya asili", nikamkaribisha mgeni rasmi.

Baba mdogo alifunga enanga katika blanketi taratibu. Nilipomsindikiza jioni hakunilaumu. Tulipofika njia panda alisema tu, "Mwanangu, nilikuwa bado nabisha hodi." Sikuwa na jibu.

Alifariki miaka michache baadaye. Enanga ililiwa na mchwa darini kwa binamu yangu kabla sijapata akili ya kuiulizia. Watoto wake hawakujifunza. Mmoja alikwenda kwenye machimbo ya bati, mwingine akaenda Mwanza. Tendi zake zote, na alikuwa nazo si chini ya nne nilizozisikia mwenyewe, zimekwenda naye. Mimi ninakumbuka habari zake, kama mtu anavyokumbuka kwamba aliota. Maneno sinayo.

Kisha, mwaka 2012, mwaka ule ule Kyerwa ilipotengwa na Karagwe kuwa wilaya yake, mwalimu mmoja niliyewahi kufanya naye kazi aliniletea kaseti. Alikuwa akisafisha nyumba. Ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya wino: Siku ya Wazazi. Kumbe siku ile redio kaseti ya shule ilikuwa mezani na mtu aliiwasha ili ainase hotuba. Nilitafuta redio ya kuipigia kwa wiki mbili, nikaipata kwa fundi mmoja pale Omurushaka, nikaketi dukani kwake juu ya ndoo.

Kwaya imo. Hotuba imo, yote. Na katikati imo enanga: uzi unakazwa, kijisehemu, jina la mwalimu wake, utani, kicheko, kijisehemu tena. Nilihisi ule mlango ukianza kufunguka. Halafu ikasikika sauti ya mtu kijana, yenye kujiamini sana, ikisema kwa Kiswahili fasaha, "Tunamshukuru mzee wetu." Yule fundi akaniuliza, "Mzee, huyu anayekatiza ni nani?" Nikamwambia.

Nimemlaumu Grant kwa kutupa ubao bila wimbo. Nimemlaumu Stanley kwa kuhesabu. Haki itendeke basi. Grant alikuwa mgeni, mgonjwa, asiyejua lugha, na wimbo alioomba apigiwe hakuukatiza. Mimi nilijua lugha, nilijua mlango, nilijua kinachokuja nyuma yake, nami nilikuwa na saa mkononi.

Sitaki kumaliza kwa kuhubiri. Walimu wastaafu tuna ugonjwa huo. Ila ukiniuliza leo nini maana ya kumshirikisha mtu unachokipenda, nitasema ni kumpa kitu chenyewe kwa urefu wake. Ukimpenda mpigaji, mpe usiku. Ukipenda mahali, mpeleke mtu huko kwa miguu. Mimi mwenyewe nimekuwa nikiwapeleka wajukuu Bweranyange, palipokuwa na ikulu ya Rumanyika, na wa kwanza aliniuliza tumekuja kutazama nini, maana aliona miti na nyasi. Nikamwambia tungoje ng'ombe warudi. Tulingoja mpaka jua likashuka. Alilalamika njaa mara tatu. Lakini walipotokea, alikuwa wa kwanza kusema, "Babu, pembe."

Kaseti ile vijana wameihamishia kwenye simu. Jumapili jioni tunaipiga, dakika tano zile. Mjukuu yule anayesema napenda mambo yachelewe amekishika kijisehemu cha baba mdogo kwa kugonga vidole kwenye meza, na anakirudia mara ishirini, wakati mwingine zaidi, mpaka nyumba nzima inanyamaza. Baada ya hapo hakuna kinachofuata, kwa sababu mimi sina cha kumpa. Hukaa hivyo kidogo, tukisikiliza. Kisha mtu mmoja huinuka kwenda kutazama chungu jikoni.

Kama ningepewa tena ile karatasi ya mwaka 1971, mstari mmoja haungenitosha. Ningeandika nyuma ya ukurasa.